Kilichokatwa Hakisahihishwi

Hosteli ya wasichana, chumba cha mwisho
4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini dereva wa lori la mafuta amekukabidhi barua hii mkononi, hakuisahau chini ya kiti kama ile ya Desemba. Huko kambini mtandao haufiki, na jambo lenyewe sipendi lipitie kinywani mwa mtu, ndiyo maana naandika.

Nimeanguka kalkulasi. Nimepata thelathini na moja. Zinazotakiwa ni arobaini. Masomo mengine yote nimepita, hata lile la pampu ambalo hakuna aliyelielewa, pamoja na mwalimu wake.

Mtihani wa marudio ni tarehe 7 Machi. Nikianguka tena naondolewa chuoni, na kwenye cheti cha kutokea wataandika neno hilo hilo: ameondolewa. Ipo njia ya pembeni. Kabla matokeo hayajatoka, mwanafunzi anaweza kusaini fomu kwamba ameacha masomo kwa hiari yake, na cheti chake kikawa safi. Mwisho wa kusaini ni tarehe 30 Machi. Matokeo yanatoka wiki inayofuata. Yaani wanakutaka ujihukumu kabla hakimu hajakaa.

Mhadhiri wetu tunamwita Onyesha-Njia, kwa sababu ndiyo maneno anayoyaandika kwa wino mwekundu kwenye kila karatasi. Ametangaza kwamba mtihani wa marudio hauna kikokotoo. Darasa likanung'unika. Akasema, "Mnaiuliza mashine kama watu wanaouliza njia barabarani. Mnafika, lakini hamjui mmepita wapi." Mimi sikunung'unika. Nilihisi kama nimeambiwa nije bila miwani.

Usimwambie mama. Anashona sare za shule mbili msimu huu, na wateja wake wote wanajua ana injinia wa maji.

Mdogo wako,
Kimya


Kambi ya barabara
15 Februari

Kimya,

Marahaba. Barua imefika, inanuka dizeli lakini inasomeka.

Pole. Nimemsimulia mpishi wa kambi, akasema, "Mwambie ale kwanza, tumbo tupu halijui kutoa wala kujumlisha." Hayo ndiyo maoni ya wataalamu tulio nao huku.

Mimi nakujua tangu unatambaa, na nakwambia shida yako si hesabu. Wewe ukiulizwa jina lako unatazama kitambulisho kwanza. Tulipokuwa wadogo ulikuwa unafunga mlango, unatembea hatua kumi, unarudi kuusukuma. Mlango ulikuwa umefungwa kila siku.

Sasa sikiliza. Kikokotoo nilichokupa si cha mchezo. Kimepima barabara tatu, na hakuna hata moja iliyokwenda kuishia mtoni. Kitumie kwa mazoezi hata kama hutaingia nacho kwenye mtihani: fanya swali kwa mkono, kisha hakikisha kwa mashine. Ikikataa, rudia. Ikikubali, nenda mbele. Ila usibandue ile plasta iliyo juu ya kitufe cha kulia. Imewekwa makusudi. Mwaka juzi mpimaji mgeni alikibonyeza kitufe hicho bila kujua, mashine ikageuza vipimo, na kona nzima ya barabara tukaichomekea vigingi katikati ya shamba la mtu. Tuliving'oa huku mwenye shamba ameketi kwenye kiti anatutazama, anakunywa chai. Tangu siku hiyo kila kikokotoo cha kambi hii huvishwa plasta kutoka sanduku la huduma ya kwanza, na anayeibandua huoshishwa vyombo vya kambi mwezi mzima.

Mama sitamwambia. Nimefunga mdomo.

Kaka


Hosteli
27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nafanya kama ulivyosema. Nafanya kwa mkono, nahakikisha kwa mashine, mashine inakataa, narudia.

Kwa maswali ya kawaida tunaelewana. Lakini penye vitu vinavyopanda na kushuka, mawimbi, gurudumu linalozunguka, penye sain na kosain, inanikataa kila mara. Napata moja, yenyewe inasema sifuri nukta sifuri moja saba. Narudia mara nne, napata moja mara nne, na mara ya tano nakuwa nimechoka kiasi cha kupata kitu kingine, ambacho nacho si cha kwake. Mwenzangu wa chumbani anasomea uhasibu na ana maoni juu ya kila kitu. Jana alinikuta nimeinamia meza.

"Unaongea na hiyo mashine kama mchumba," akasema.

"Haijibu ninavyotaka."

"Basi ni mchumba kweli."

Nilikwenda kuomba kuiona karatasi yangu ya kwanza. Ofisi ya Onyesha-Njia ni nyembamba na kiti cha mgeni kimejaa vitabu, kwa hiyo mgeni husimama. Aliitafuta bila haraka, akaigeuza upande wangu. Swali la tatu nilikuwa nimelifanya kwa mistari saba. Kisha nilikuwa nimeikata yote kwa mstari mmoja wa rula, na chini yake nimeandika jibu la mashine, pekee, bila njia.

"Hapa juu ulikuwa unakuja vizuri," akasema.

"Lilikuwa sahihi?"

"Umelikata."

"Najua. Lakini lilikuwa sahihi?"

"Kilichokatwa hakisahihishwi. Ni kanuni ya chuo." Akafunua ukurasa. "Hata kwa mdomo. La nne nalo umelikata. La sita nalo. Nani alikuwa amekaa nyuma yako anakuambia kata?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa nahakikisha."

"Mtu akihakikisha nyumba yake kwa kuibomoa, atalala wapi?"

Nilimshukuru nikatoka. Niliyatafakari maneno yake njia nzima na sikuona yananisaidia nini. Hakusema niko sahihi. Kwamba ninakuja vizuri haimaanishi nimefika. Mtu anaweza kuja vizuri kabisa kwenye nyumba isiyo yake.

Plasta ipo mahali pake. Sijaigusa.

Kimya


Hosteli
9 Machi

Kaka,

Mtihani umepita. Chumba kilikuwa na watu kumi na wanne na kila mmoja alikuwa na rula, kalamu na mikono.

Maswali madogo nadhani niliyafanya nusunusu, kama kila mtu. Lakini swali la mwisho peke yake lina alama thelathini, na nimeshapiga hesabu: nikilikosa, nimeanguka. Nakuandikia lilivyokuwa, kwa maneno ya kawaida. Kuna tangi la maji. Kina chake kwa mita, baada ya saa t kupita, ni tano kujumlisha mbili mara sain ya t. Maji hupanda na kushuka karibu mara nne kwa siku. Je, mwanzoni kabisa yanapanda kwa kasi gani?

Nilitafuta kanuni ya kasi, nikaweka sifuri mahali pa t, nikapata mita mbili kwa saa. Mistari mitano tu. Ilikuwa michache mno kwa alama thelathini na hilo likanitia wasiwasi. Sikuwa na cha kuhakikishia. Kwa muda wote uliobaki nilikaa na jibu langu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani, hajui amlaze au amkimbize hospitali. Mara mbili niliinua rula nilikate. Mara mbili niliirudisha mezani. Usidhani ni ujasiri. Msimamizi alikuwa amesimama karibu, na niliona aibu kukata kitu mbele ya mtu.

Nimezima simu tangu siku ile. Kikokotoo kiko juu ya kabati na sijakishika, kwa sababu kikisema hapana nitalijua neno hilo peke yangu humu chumbani. Nipigie hesabu hiyo wewe, kwa mashine yako mpya. Nijibu kabla ya tarehe 30 ili nijue nisaini au nisisaini. Sitaki kubembelezwa.

Kimya


Kambi ya barabara
18 Machi

Kimya,

Umesema usibembelezwe, basi.

Zile kanuni zenu nimezisahau, lakini kasi ni kasi. Nimefanya kama tunavyofanya huku porini: unapima kitu hapa, unakipima tena mbele kidogo, unatoa, unagawa. Mwanzoni kina ni mita tano kamili. Baada ya sehemu moja ya mia ya saa, mashine inasema kimeongezeka kwa kiasi kidogo hata kalamu haipati pa kukiandika. Nikagawa. Maji yanapanda sentimita tatu na nusu kwa saa. Si mita mbili.

Nimerudia mara tatu. Mara ya mwisho nilimpa mwenzangu apige bila kumwambia natafuta nini. Akaleta hiyo hiyo, tatu na nusu, akauliza, "Tangi la nani hili, linajaa kama deni la serikali linavyolipwa?" Sikucheka.

Ndugu yangu, saini. Sikwambii kwa dharau. Cheti kikisema umeondolewa, hakuna ofisi ya miradi itakayokupokea hata kuandika mahudhurio. Kikisema umeacha kwa hiari, nimeshazungumza na injinia wa kambi. Anataka karani wa stoo. Kuna kontena lenye feni, meza na kufuli mbili, na wewe kufuli unazipenda. Kaa nyumbani mwezi mmoja, nitatuma dereva akufuate. Nimekuulizia bila ruhusa yako, najua. Huku jioni ni ndefu na watu wenyewe tumeshamaliza hadithi zote tunazozijua.

Mama hajui kitu.

Kaka


Nyumbani
21 Machi

Mwanangu,

Nimepiga simu yako haipatikani, nikasema niandike, jirani anakuja huko kumwona binti yake.

Kaka yako alipiga simu alipokwenda mjini kuchukua mabomba. Ameniambia yote, na amesema nisikwambie kwamba ameniambia. Sasa nimekwambia. Yeye siri kwake ni kama maji kwenye chekecheke, toka utotoni.

Sina neno. Nimeitoa cherehani ya pili chumbani kwako, pamoja na marobota ya vitambaa, nimeyahamishia sebuleni. Kitanda nimekitandika. Mwanga wa sebuleni ni mdogo, jana nimeunga mkono wa kulia wa sare upande wa kushoto, nikafumua. Si kitu, nitazoea. Wateja wakiuliza habari za injinia nawaambia anapumzika.

Njoo unapoweza. Sitakuuliza kitu.

Mama yako


Hosteli
29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako na ya mama zilifika siku moja, kwa hiyo kuhusu kufunga mdomo tutazungumza siku nyingine.

Ya mama niliisoma mara nyingi kuliko yako. Hakuna lawama ndani yake, na hilo ndilo lilinitoa kitandani. Kama angenigombeza ningebaki kujitetea. Nilikwenda ofisi ya usajili nikachukua fomu ya kuacha masomo kwa hiari. Ni karatasi moja. Niliijaza palepale kaunta mpaka pakabaki mahali pa saini.

"Kalamu imeisha wino?" karani akauliza.

"Hapana."

"Basi?"

"Nahakikisha."

"Jina lako?"

Watu wakacheka nyuma yangu kwenye foleni. Nikatoka, nikaketi kwenye benchi la korido. Nilikuwa na kikokotoo kwenye mkoba. Nilikitoa nikapiga ulivyopiga wewe, hatua kwa hatua. Sentimita tatu na nusu. Mashine mbili sasa, na watu watatu, na mmoja wa watu hao ni mimi mwenyewe. Nikaiweka fomu juu ya goti.

Mkono haukwenda. Nisikudanganye kwamba niliona mwanga. Niliona tu kwamba nilikuwa nakaribia kufanya kwa kalamu kile kile nilichokifanya kwa rula, na safari hii hakukuwa na msimamizi wa kumwonea aibu. Kwa hiyo nililisoma swali upya. Swali lilikuwa ndicho kitu pekee ambacho hakikutoka kwangu wala kwenye mashine.

Maji hupanda na kushuka karibu mara nne kwa siku. Juu kabisa ni mita saba, chini kabisa ni tatu. Basi kutoka tano kwenda saba, mita mbili nzima, yana kama saa moja na nusu tu. Sasa chukua kasi yako. Kwa sentimita tatu na nusu kwa saa, mita mbili zinataka zaidi ya siku mbili. Siku mbili, kaka, na swali linasema mara nne kwa siku moja. Niliipiga hesabu hiyo ukingoni mwa fomu, kwa kalamu, nikaitazama. Haikuhitaji kuhakikishwa. Tangi lako halijai.

Nikaichana fomu.

Hapo ndipo nilipoibandua plasta, na nakuomba radhi. Nataka uujue mpangilio huo: fomu kwanza, plasta baadaye. Chini yake kuna kitufe cha kuchagua kipimo cha pembe. Ile herufi ndogo ya D iliyo juu ya kioo, ambayo kwa miaka miwili nilidhani ni ya betri, ni ya digrii. Ninyi mnapima pembe za barabara kwa digrii. Kalkulasi huzipima kwa kipimo kingine, radiani, na radiani moja ni kama digrii hamsini na saba. Niliibadilisha, nikapiga upya. Ikaniletea mbili kasoro unywele.

Mashine yako haina kosa. Mliifunga kitufe ili isikosee barabara, na mimi nikaipeleka kwenye matangi, na kwenye mawimbi, na kwenye kila kitu kinachozunguka. Hata ile mpya uliyonipigia nayo, bila shaka nayo imevaa plasta yake. Na swali la tatu, na la nne, na la sita, yale yaliyokatwa, sasa najua yalikuwa na majibu gani. Sitakwenda kumuuliza Onyesha-Njia. Hawezi kusema.

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kusaini. Sitakwenda. Huenda maswali madogo niliyakosa nikaanguka bado, na ikiwa hivyo kontena lako sitalipata. Nimelifikiria hilo. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na bado sitakwenda.

Mdogo wako,
Kimya


Kambi ya barabara
5 Aprili

Kimya,

Barua yako nimeisoma nimesimama, karibu na lori, dereva ananihimiza. Nikaenda kuitazama mashine. Plasta ipo, D ipo. Nimeitazama D hiyo kila siku ya kazi yangu kama mtu anavyoitazama pua yake.

Nilikuwa nimekwambia mashine ikikataa urudie. Maneno hayo yafute.

Mama nilimwambia kwa sababu sauti yake kwenye simu ilikuwa na furaha na sikuweza kuisikia mpaka mwisho. Sina utetezi mwingine. Nitamwomba msamaha mwenyewe nikienda mjini, lakini habari mpya, iwe yoyote, mpe wewe. Mimi nimeshaonyesha kipaji changu.

Leo asubuhi nilimwambia injinia kwamba karani wa stoo haji. Akauliza, "Matokeo yametoka?"

"Bado."

"Amepita?"

"Sijui."

"Sasa kwa nini haji?"

Nikamwambia mimi sijui, lakini mdogo wangu anajua. Injinia akanitazama kama nimepigwa jua, akaenda zake.

Kaka


Hosteli
8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimewasha simu, lakini hili nimeona niliandike, ili uwaonyeshe wateja ukitaka.

Nimepita. Alama hamsini na nane. Maswali madogo kadhaa nilikosea kweli, na nimeyaona makosa yangu, ni yangu kabisa. Swali la tangi nimepewa alama zote thelathini. Onyesha-Njia hakuandika kitu pembeni yake, hata neno moja, kalamu nyekundu imepita tu ikaweka vema mwishoni. Aliponirudishia karatasi aliinua kichwa. "Safari hii hakuna aliyekaa nyuma yako?" akauliza. Nikamwambia walikuwepo wengi. Akasema, "Mm," akamwita mwingine.

Kaka usimgombeze sana. Alitaka nisianguke kutoka juu.

Nitakuja likizo ya mwezi wa saba na nitalala popote. Cherehani irudishe chumbani kwangu, mama, pale dirishani. Huko sebuleni hakuna mwanga.

Mwanao